Kamera Isilie Kabla ya Bunduki

Katika lugha yetu neno kupiga halichoki kufanya kazi. Tunapiga hodi, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti. Tunapiga risasi, na tunapiga picha. Kwa miaka mingi niliyatamka hayo mawili ya mwisho bila kuona undugu ulio kati yake, mpaka asubuhi moja ya Oktoba 2011, katika milima ya Colorado nchini Marekani, nilipopiga mimi kwanza na kumfanya mwenzangu asipige kabisa. Picha niliyoipata asubuhi ile ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ndiyo sababu naandika habari zake, maana jambo likikusuta kwa muda mrefu dawa yake ni kulisema.

Mwenyeji wangu alikuwa fundi mitambo mstaafu ambaye tuliwahi kufanya kazi pamoja. Umri wake ulikuwa miaka 68. Nilimwita Mzee. Mwanzoni alidhani ninamkumbusha uzee wake, lakini nilipomweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, akalipenda hata akataka binti yake naye amwite hivyo. Binti akakataa kwa kicheko. Kila mwaka majira ya kipupwe Mzee alipanda milima ileile kuwinda elki, na alikuwa amefanya hivyo kwa karibu miaka arobaini. Hadithi alikuwa nazo tele, ila picha hakuwa nazo. Alikuwa na moja tu, ya baba yake, iliyopigwa miaka ya 1960, nayo ilikuwa imepauka hata uso wa mtu na uso wa mnyama vilikaribia kulingana rangi.

“Njoo utupigie picha,” aliniambia. “Sitaki ya mnyama aliyekufa na mtu anayechekelea juu yake. Hizo ziko nyingi duniani. Piga mlima, piga baridi, piga kazi yenyewe.” Kisha akaweka sharti moja, na alilisema mara mbili ili nisije nikadai sikusikia: “Kamera isilie kabla ya bunduki.”

Nikakubali. Kukubali ni jambo jepesi ukiwa umekaa mezani na kikombe cha chai mkononi.

Tulikwenda sehemu iitwayo Flat Tops, kaskazini magharibi mwa Colorado, upande wa mashariki wa mji mdogo wa Meeker. Milima ya huko haina ncha kama ile tunayoiona kwenye kalenda. Zamani sana lava ilimwagika ikaganda tabaka juu ya tabaka, na kilichobaki ni uwanda ulioinuliwa juu angani, wenye kingo za miamba myeusi na maziwa madogo yaliyotapakaa kama vipande vya kioo. Tangu 1975 sehemu kubwa ya uwanda huo inalindwa kwa sheria kama pori lisilo na barabara. Gari haliingii, pikipiki haiingii, hata baiskeli hairuhusiwi. Ukitaka kufika, utumie miguu yako au ya farasi.

Tulitumia yetu. Tulitembea kilomita tisa, mimi nikiwa na shanta mgongoni, kamera kifuani, na lenzi ndefu ambayo kila baada ya kilomita moja iliongezeka uzito. Nimekulia mahali ambapo asubuhi njema huiona Kilimanjaro, na nadhani watu kama sisi tuna kiburi fulani kuhusu milima, kana kwamba kuutazama mlima na kuupanda ni kitu kimoja. Tulipofika mita 3,000 nilikuwa nahema kama mvukuto wa mhunzi. Binti wa Mzee, mwuguzi wa miaka thelathini na kitu, alitwaa stendi yangu ya miguu mitatu bila neno akaifunga kwenye mzigo wake. Nilijifanya sikuona. Mzee alitangulia polepole, akisimama mara kwa mara kama mtu anayetazama mandhari. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hakuwa akitazama mandhari. Alikuwa akiyapumzisha magoti.

Pengine msomaji hajapata kumwona elki. Yule ayala wa Zaburi ni wa ukoo wake, ila elki amekuwa jitu. Dume hufika kilo 300 na zaidi. Kwa wanyama wetu ungempanga juu ya tandala na chini ya pofu. Watu wa Shawnee walimwita wapiti, yaani mwenye matako meupe, na kweli anapokukimbia ndicho kitu cha mwisho unachokiona. Pembe za dume si kama pembe za tandala, ambazo hukaa naye mpaka afe. Za elki hudondoka kila mwaka baridi inapokwisha, zikaota upya, na kufikia Septemba huwa zimekomaa tena, ndefu kama mikono ya mtu. Huo ndio msimu wao wa kutafuta majike. Sauti ya dume wakati huo haisahauliki. Huanza chini kama mlango mzito unaokwaruza, ikapanda ikawa filimbi nyembamba, kisha ikaishia kwa mikoromo. Usiku wa kwanza niliisikia nikiwa ndani ya mfuko wa kulalia, nikadhani ni mtu aliyepotea.

Kitu kingine sikukijua kabla ya safari ile. Nilidhani wanyama wale wamejaa milimani tangu kuumbwa kwa dunia. Kumbe mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji wa biashara ulikuwa umewafagia karibu wote katika jimbo lile, hata miaka ya 1910 ikabidi waletwe wengine kwa treni kutoka Wyoming. Leo Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko yote ya Marekani, zaidi ya 250,000. Ada za leseni kama ile ya Mzee, pamoja na kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa kwa kazi hiyo na sheria ya mwaka 1937, ndizo zinazogharimia sehemu kubwa ya utunzaji wao. Mzee alipenda kusema kwamba mwindaji ndiye aliyewamaliza na mwindaji ndiye aliyewarudisha, na kwamba mwenye akili akumbuke yote mawili.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mwanafunzi. Nilijifunza kwamba baridi hula betri. Ile iliyojaa jioni huamka asubuhi ikiwa mfu, isipokuwa umelala nayo kifuani kama mtoto mchanga. Nilijifunza kutoingiza kamera hemani ghafla, kwa sababu jiko la kuni likiwaka lenzi hutoka jasho. Niliifunga kwanza ndani ya mfuko wa plastiki mpaka ikazoea joto. Nilijifunza kwamba theluji huidanganya kamera. Mashine huona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaipunguza picha mpaka theluji inatoka ya kijivu kama uji wa ulezi. Lazima uibishie, uongeze mwanga hata pale inapokuambia unatosha.

Na nilijifunza upepo. Mzee alibeba kichupa cha unga laini, akakibonyeza kila baada ya hatua chache kuona unga unakwenda wapi. Alfajiri hewa ya baridi ni nzito, huteremka bondeni kama maji. Jua likipasha miamba hugeuka na kupanda. Kwa hiyo mwindaji hukaa chini asubuhi na juu mchana, na kati ya saa hizo mbili kuna muda ambao upepo hauna msimamo na ni heri kukaa kitako. Elki haoni sana rangi ya chungwa tuliyolazimika kuivaa kwa usalama wetu, lakini pua yake haikosei. “Unaweza kulidanganya jicho lake,” alisema Mzee, “na sikio lake likakusamehe mara moja. Pua haisamehei.”

Picha zilikuwa nyingi na nzuri. Ile miti ya aspeni ilikuwa imeshapukutisha majani, lakini huku na huko mmoja ulikuwa umeng’ang’ania machache ya manjano, nayo yakiguswa na jua la jioni yalikuwa kama sarafu zilizotundikwa. Misonobari iliyouawa na wadudu wa magome miaka ya 1940 ilikuwa bado imesimama sehemu nyingine, meupe kama mifupa. Nilipiga nyayo za kwato kwenye theluji mpya, moshi wa hema, mikono ya binti ikisafisha bunduki. Kila jioni nilizitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, na kila jioni nilijiona fundi zaidi. Huo ndio ugonjwa ulioanza kunishika.

Usiku wa pili, tukiwa tumeuzunguka moto, niliwaonyesha. Mzee alizitazama moja moja akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema, “Zinapendeza. Ila mtu akiziona atadhani hapa hajawahi kuishi mtu.” Akanieleza kwamba mabonde yale yalikuwa ya Waute. Walipanda huko kila kiangazi kufuata wanyama, na njia tuliyopita wao waliikanyaga kabla yetu. Mwaka 1879 ulitokea ugomvi wa damu kati yao na wakala wa serikali aliyetaka kuwageuza wakulima kwa nguvu. Miaka miwili baadaye, 1881, wakasukumwa wahamie Utah. Mji wa Meeker umechukua jina la wakala yule.

Sikujibu kitu. Mimi natoka nchi ambayo picha zake maarufu ni za mbuga bila mtu, na najua kwamba nyingine hazina mtu kwa sababu watu waliambiwa wahame. Nami kwa siku mbili nilikuwa nimeisogeza kamera huku na huko ili hata hema letu lisionekane.

Binti akaniuliza kama kwetu watu huwinda kwa kamera. Nikasema ndiyo, na tangu zamani. Mjerumani Carl Georg Schillings alipita nchi yetu na msafara wa wapagazi, akapiga wanyama usiku kwa mwanga wa baruti, na kitabu chake cha mwaka 1905 kilitaja taa na bunduki katika jina lake, maana alitumia vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye Mmarekani George Shiras alitoa picha zake za usiku katika jarida la National Geographic. Huyo alikuwa mwindaji aliyeiweka bunduki chini akaishika kamera. Nilisema kwamba Shiras ndiye aliyepata njia bora, kwa kuwa mwenye kamera hamdhuru mtu. Nilisema hivyo mbele ya moto wa Mzee, nikila chakula cha Mzee. Mzee alitabasamu tu, akaongeza kuni.

Siku ya tatu tuliondoka saa kumi usiku. Theluji ilikuwa imekaza, kila hatua ilivunjika kama kaukau. Kabla hakujapambazuka tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa kiwanda kidogo cha majani, migongo yetu ikiegemea gogo. Mzee katikati, binti kushoto, mimi kulia nyuma kidogo. Hakukuwa na upepo kabisa. Kimya kile sijawahi kukikuta tena. Nilisikia saa yangu ikitembea ndani ya mkono wa koti.

Dume alitoka bila kutangaza. Palikuwa na kivuli katikati ya misonobari, halafu kivuli kikawa na pembe. Alikuwa hatua kama sabini kutoka kwetu, sehemu ya mbele ikiwa nje, kifua na bega vikiwa bado nyuma ya mashina mawili. Ilitakiwa asogee hatua mbili tu, labda tatu. Mzee alikuwa ameshaiweka bunduki begani. Nilimwona akipumua polepole kupitia puani. Kidole chake kilikuwa kimenyooka nje ya kifyatulio, kikingoja.

Wakati huohuo jua lilichomoza juu ya ukingo wa miamba, mwale mmoja tu, ukaja moja kwa moja puani pa yule mnyama. Pumzi yake ikawaka. Mvuke ule ulipanda kupita pembe zake ukiwa na rangi ya dhahabu, na nyuma yake msitu ulikuwa bado wa buluu. Najua kwa hakika ilikuwa sekunde mbili au tatu tu, maana kamera huandika saa. Nilijua pia kwamba mvuke ukishapotea na jua likishapanda, jambo lile halitarudi. Nililikumbuka sharti. Naomba msomaji anielewe hapa: sikusahau. Nililikumbuka neno kwa neno, na kidole kikabonyeza.

Siku hizi ziko kamera zisizo na sauti. Ile yangu ilikuwa na kioo ndani kinachoruka na kurudi, na katika kimya kile kililia kama mtu aliyevunja kijiti. Nami sikupiga moja. Nilipiga tatu.

Dume aliinua kichwa akanitazama. Hakumtazama Mzee wala binti; alinitazama mimi, ndani ya lenzi. Kisha akageuka palepale alipokuwa, bila kuzitoa zile hatua mbili, na msitu ukamfunika. Tulisikia matawi yakivunjika mbali, halafu mbali zaidi, halafu hakuna.

Mzee aliteremsha bunduki. Aliifungua, akatoa risasi, akaifuta kwa kidole gumba na kuitia mfukoni. Alifanya yote hayo bila haraka. Nilitamani anitukane, tusi lingenipa kitu cha kushika. Badala yake aliniuliza, “Umempata?”

Nikasema, “Ndiyo, Mzee.”

“Basi mmoja wetu amempata,” akasema, akafungua chupa ya chai na kunimiminia mimi kwanza.

Jioni ile binti alinikuta kijitoni nachota maji. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo alishaimeza. Aliniambia kwamba magoti ya baba yake yamekwisha, kwamba daktari alishasema, na kwamba huu ni mwaka wake wa mwisho kupanda. Leseni ya dume katika msimu ule wa kwanza haipatikani dukani. Hupatikana kwa kura, na baba yake alipoipata aliimba nyumba nzima. Hakutaka niambiwe kabla ya safari, kwa sababu hakutaka picha za mtu anayeaga. Nilisimama na ndoo mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Kile nilichokisema kwenye moto, kwamba mwenye kamera hamdhuru mtu, kilinirudia chote.

Siku ya nne hatukuona kitu. Nilibeba kamera lakini sikuitoa, na Mzee akaliona hilo. “Usiadhibu kamera,” alisema. “Ilifanya kazi uliyoituma.”

Msimu ule huwa wa siku tano. Siku ya tano, saa kumi alasiri, majike sita yalivuka kigongo mbele yetu. Binti alikuwa na leseni ya jike. Alijilaza chini, akakaa hivyo kwa muda niliouona mrefu kuliko siku nzima, akafyatua mara moja. Jike mmoja alipiga hatua chache akalala. Wengine walisimama kidogo, kama wanaomngoja, kisha wakaenda zao.

Tulipomfikia, binti alipiga magoti akaweka kiganja shingoni mwake, hakusema kitu. Mzee alivua kofia. Mimi nilisimama mbali, mikono mfukoni. Ndipo Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, “Sasa piga.” Nikapiga picha nne au tano za kazi ile aliyoitaka: kisu, mikono, mvuke wa joto ukitoka mwilini na kupanda kwenye baridi. Mvuke ule haukuwa wa dhahabu. Ulikuwa wa kijivu, nao ulinuka damu na majani yaliyotafunwa.

Kisha nikaitia kamera ndani ya shanta, kwa sababu mikono ilihitajika. Sheria ya huko haikuruhusu kuacha nyama inayoliwa. Miguu yote minne, minofu ya mgongo na ile ya ndani, lazima ishuke na mwindaji. Kambi ilikuwa kilomita tatu. Binti alibeba mguu wa nyuma, nami mguu wa nyuma, na mzigo huo ukiuvaa mgongoni unajua kwamba mnyama alikuwa mnyama. Bado una joto. Joto lake linapita kwenye koti, linafika kwenye uti wa mgongo wako, na kwa nusu saa ya kwanza unapashwa moto na yule uliyemchukulia uhai wake. Mzee alikatazwa mzigo, akabeba moyo na ini na minofu ya mgongo, akasema huo si mzigo bali ni chakula cha jioni. Sisi wawili tulirudi mara ya pili kufuata ya mbele, taa zetu vichwani, theluji ikilia chini ya buti, na juu yetu nyota nyingi hata zilionekana kama kosa. Hakuna aliyezungumza. Saa zile ndizo bora za safari yote, na sina hata picha moja ya saa zile.

Tulifika kwa mara ya mwisho karibu na saa tano usiku. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo anangoja, moto umeshuka. Alijaribu kuvua buti, goti likakataa kukunjika. Binti yake alitua mzigo, akapiga magoti tena, kwa mara ya pili siku ile, akashika buti la baba yake na kulivuta. Nilitoa kamera. Mwanga haukutosha, mikono yangu ilitetemeka kwa uchovu, na picha iliyotoka ina ukungu. Nyuso hazionekani vizuri, ila unaona mgongo wa binti ulioloa na mkono wa baba umewekwa kichwani pake. Kesho yake jirani yao alikuja na farasi wawili, tukashuka.

Mwezi uliofuata nilisafisha picha arobaini nikampelekea Mzee. Ile ya dume sikuiweka. Baada ya siku chache akapiga simu, akashukuru, akazitaja nyingine moja moja, kisha akauliza, “Na yule wangu yuko wapi?” Sikuwa na jibu la maana. Nikamtumia.

Nilipokwenda kumtembelea wakati wa Krismasi, niliingia nyumbani kwake nikiiogopa ile picha, nikitazamia kuikuta ukutani. Haikuwapo. Iliyokuwapo, kwenye mlango wa jokofu, imebanwa kwa sumaku, ilikuwa ile ya ukungu, ya buti. Tulikula mchuzi wa nyama ya yule jike, mtamu, hauna mafuta mengi. Baada ya chakula Mzee alifungua mtoto wa meza akanionyesha. Picha ya dume ilikuwa ndani, imefungwa pamoja na leseni ambayo haikutumika, na ile risasi ameiweka juu yake. Alisema, “Nimeviweka pamoja kwa sababu ni kitu kimoja.” Kisha akafunga mtoto wa meza, tukaendelea na mazungumzo mengine.

Nakala yangu naiweka kwenye bahasha. Wachache niliowaonyesha huishangaa. Husema, tazama anavyokutazama, ni kama anajua unampiga picha! Nami husema ndiyo, alijua. Sihitaji kuongeza kitu, nao hawaulizi.

Sijaacha kupiga picha, na sidhani kamera ni dhambi, kama ambavyo sidhani bunduki ya Mzee ilikuwa dhambi. Lakini nimeacha kusema kwamba mwenye kamera hachukui kitu. Anachukua. Mwindaji angalau sheria inamlazimisha abebe alichokichukua mpaka nyumbani, mgongo wake upate kujua uzito wake. Mpiga picha hana sheria kama hiyo. Uzito wa alichokichukua hubebwa na mwingine, mara nyingi mtu aliye pembeni kidogo tu, nje ya picha.